Mwenye Macho na Aambiwe Tazama: Somo la Sanaa na Vijana wa Isiolo

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli katika mambo mengi, lakini ndani ya chumba cha somo la sanaa haina nguvu. Humo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuwaambia wenye macho watazame, kisha watazame tena, mpaka waone yale ambayo yamekuwa mbele yao siku zote wasiyaone.

Jaribio dogo latosha kuonyesha jambo hili. Weka kikombe cha bati juu ya meza, umwambie kijana wa miaka kumi na mitano akichore. Aghalabu atachora mdomo wa kikombe kuwa duara kamili, na kitako chake atakichora kwa mstari ulionyoka kama rula. Ukimwuliza sababu, atajibu kwamba mdomo wa kikombe ni wa mviringo, na kwamba kikombe hukaa sawasawa juu ya meza. Maneno yote mawili ni kweli, lakini hakuna hata moja aliloliona kwa macho. Kutoka pale alipoketi, mdomo wa kikombe huonekana umebanwa mfano wa yai, na kitako nacho kimepinda. Kijana huyo hakuchora alichokiona, bali alichora alichokijua. Somo la sanaa humfundisha kutenga mambo hayo mawili, na mtu aliyejifunza kuyatenga amepata elimu itakayomfaa hata kama hatashika burashi tena maishani mwake.

Jambo hili lastahili kufikiriwa sana wakati huu katika kaunti ya Isiolo, kwa sababu Kenya imebadili utaratibu wa elimu yake. Mtaala mpya, ambao ulianza kufundishwa kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umekwisha kufika madarasa ya juu ya sekondari, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia mwezi wa Januari 2026. Mwanafunzi amalizapo Gredi ya 9 hushika njia moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Katika njia hii ya tatu ndimo ilimowekwa sanaa ya kuchora, kuchonga na kufinyanga, pamoja na muziki, ngoma, maigizo na filamu. Uchaguzi huo humfikia mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na mara nyingi baba na mama ndio wasemao neno la mwisho. Yafaa basi wazazi wajue ni kitu gani wanachokikubali au kukikataa.

JICHO LA MCHUNGAJI

Mji wa Isiolo uko yapata kilometa 280 kaskazini ya Nairobi, mahali ambapo nchi ya juu huishia na nchi kavu ya kaskazini huanza. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasakuye hukutana humo na kuuziana mifugo. Asubuhi mapema, kabla ya mawingu kupanda, Mlima Kenya huonekana upande wa kusini, na upande wa kaskazini nchi hutandaa wazi kuelekea mto Ewaso Nyiro. Mwanga wake ni mkali, na vivuli vyake vimekatika kama vilivyopigwa kwa kisu. Mchoraji ajifunzaye kazi ya mwanga na kivuli hana haja ya kutafuta mahali pengine.

Wako watu wasemao kwamba watoto wa nchi ya mifugo hawana msingi wa sanaa, kwa kuwa hawakulelewa katikati ya vitabu na picha. Neno hili si sawa. Mtoto aliyechunga humtambua mnyama wake katika kundi kubwa, hata akiwa mbali, kwa mabaka ya ngozi yake, kwa pembe zake na kwa namna aendavyo. Lugha za wafugaji zina maneno mengi ya rangi za ng'ombe na mikato ya pembe, na jambo lisemwalo katika lugha hizo kwa neno moja, Kiswahili huhitaji sentensi nzima kulieleza. Tena mchungaji husoma nyayo mchangani, akajua ni mnyama gani aliyepita, na kama alikuwa akikimbia au akitembea polepole. Kazi hiyo yote ni kazi ya jicho: kupima umbo, kulinganisha ukubwa, kutofautisha rangi iliyo karibu na nyingine.

Nyumbani kwake vilevile kuna kazi za mikono zilizofikiriwa kwa akili. Mwanamke wa Kiborana husuka gorfa, chombo cha maziwa cha nyuzi za mimea, kwa msuko ulioshikamana hata maziwa hayavuji. Mturkana huchonga ekicholong, kigoda kidogo ambacho mwenyewe hukikalia mchana na kukiegemeza kichwa usiku. Mwanamke wa Kisomali ana dhiil, kibuyu cha maziwa kilichofumwa na kutiwa kifuniko chake. Msamburu hupanga shanga kwa rangi ambazo wenziwe huzisoma maana, na Mmeru husuka kiondo. Kila kimoja katika vitu hivi kimefanywa kiwe chepesi cha kubebwa, kisivunjike safarini, na pia kimpendeze mtazamaji. Katika vyuo vikuu elimu hiyo huitwa ubunifu, na watu huisomea miaka minne.

Basi mtoto wa Merti, wa Kinna au wa Garba Tulla aingiapo katika somo la sanaa haendi kujifunza jambo la wageni. Jicho analo. Linalomkosa ni mkono wa kufuata jicho hilo, na maneno ya kueleza alichokifanya. Hayo mawili ndiyo ambayo shule hupaswa kumpa.

MWALIMU WA DUDLEY NA BARAZA YA KAMPALA

Namna ya kufundisha sanaa katika sekondari nayo ina historia yake, na historia hiyo yafika mpaka Afrika Mashariki. Mwaka 1912 mwalimu mmoja kijana wa Kiingereza, Bibi Marion Richardson, alianza kazi katika shule ya sekondari ya wasichana ya Dudley, mji wa viwanda nchini Uingereza. Siku zile desturi ya shule nyingi ilikuwa kumwekea mwanafunzi mchoro wa kunakili, na kumpa alama kwa kadiri alivyoufuatisha. Bibi Richardson aliifuata njia nyingine. Aliwaambia wasichana wafumbe macho, kisha akawasimulia jambo, na kuwataka walione ndani ya akili zao mpaka liwe wazi. Hapo ndipo walipofumbua macho na kuanza kupaka rangi. Mwaka 1917 kazi zao zilionyeshwa London na Bwana Roger Fry, mhakiki mashuhuri wa sanaa, na watu wengi wakastaajabu kwamba zilitoka mikononi mwa wanafunzi wa shule.

Baadaye Bibi Richardson aliwafundisha walimu mjini London, na mmoja wa waliosoma kwake alikuwa Bibi Margaret Trowell. Bibi huyu alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, aliyekuwa daktari, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha kundi dogo la wanafunzi kwenye baraza ya nyumba yake huko Kampala. Hakukuwa na jengo wala vifaa vingi. Walakini mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na kutoka katika baraza ile ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo hubeba jina la Bibi Trowell.

Humo walipita vijana waliotoka vijijini kama vijana wa Isiolo. Bwana Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ndiye aliyeifanya sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, ambayo yamwonyesha mama akimwinua mtoto wake juu. Baadaye alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Bwana Sam Ntiro, wa Machame katika Kilimanjaro, alichora kazi za shamba na maisha ya kijiji, na baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 akawa mjumbe wa nchi yake mjini London. Bwana Elimo Njau, wa Marangu, alichora katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1950, picha kubwa tano za maisha ya Kristo, akiziweka katika nchi ya Wakikuyu yenye mashamba na vilima vyake. Mwaka 1965 alikuwa mmoja wa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, na daima amewaonya vijana wasiwe watu wa kunakili kazi za wengine.

Msomaji na aangalie jinsi mbegu hiyo ilivyosafiri: kutoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari hadi kwa mwanafunzi wake, kisha hadi kwenye baraza ya nyumba, kisha hadi kwenye kuta za makanisa na viwanja vya miji. Shina la yote hayo lilikuwa masimulizi na kufumba macho, mambo ambayo hayana gharama. Mwalimu wa Isiolo aweza kuwasimulia wanafunzi wake siku ya mnada wa ngamia, au usiku mvua ya kwanza inapopiga mabati baada ya kiangazi kirefu, na kuwaacha wachore. Katika nchi ya watu wanaojua kusimulia, njia hiyo iko nyumbani kwake.

BINTI WA MERU NA KARATASI ZA SABUNI

Mara nyingi husemwa kwamba somo la sanaa ni ghali, na kwamba shule za nchi kavu haziwezi kununua rangi, turubai na burashi. Ni kweli kwamba rangi njema ina bei. Lakini iko habari ya jirani ambayo yafaa kukumbukwa.

Bibi Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, mahali ambapo kutoka Isiolo si safari ya hata saa mbili kwa gari. Alisoma Makerere tangu mwaka 1950 hadi 1952, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa huko. Baada ya masomo alirudi Kenya akawa mwalimu, na kwa miaka mingi kazi yake mwenyewe ya sanaa ilikaa kando. Katika miaka ya 1980, alipokuwa mtu mzima, aliirudia. Kwa kuwa rangi hazikupatikana kwa urahisi, alichukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi mpaka vikawa picha za kuku, za wanyama na za watu wa kijijini. Mwaka 1990 picha hizo zilitundikwa katika maonyesho ya sanaa ya Afrika mjini New York, huko Marekani. Bibi Karuga alifariki mwaka 2021, akiwa na heshima kubwa kati ya wasanii wa Kenya.

Karatasi za sabuni na mifuko ya unga hazikosekani katika duka lolote la Isiolo. Na si hizo peke yake. Vijiti vilivyonyoka, vikipangwa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, na kopo likatiwa motoni mpaka moshi ukome, huwa mkaa mzuri wa kuchorea. Udongo mwekundu, ambao Wasamburu huusaga na kuuchanganya na mafuta kwa kujipaka, huwa rangi ukichanganywa na gundi. Kijiti cha mswaki, kikitafunwa ncha mpaka nyuzi zitoke, ni burashi. Udongo wa mtoni hufaa kwa kufinyanga, ukisafishwa mawe na kukandwa vema. Mwalimu asiyengoja vifaa kutoka Nairobi aweza kuanza kesho.

PICHA ZA ISIOLO ZILIZOCHORWA NA MGENI

Iko sababu nyingine, iliyo nzito zaidi, kwa nini vijana wa kaskazini wajifunze sanaa, nayo imefungamana na mji wenyewe wa Isiolo.

Katika miaka ya 1940 na 1950 aliishi Isiolo Bibi Joy Adamson, mzaliwa wa nchi iliyokuwa Austria, mke wa Bwana George Adamson, aliyekuwa afisa mkuu wa wanyamapori katika iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Watu wengi wamjua kwa habari za Elsa, simba jike aliyelelewa nyumbani kwao tangu mwaka 1956. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya habari za Elsa, serikali ya Kenya ya wakati ule ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya nchi katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alisafiri miaka kadhaa, akachora mamia ya picha, na mwaka 1967 akatoa kitabu kinachoitwa The Peoples of Kenya. Picha zake nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwenyewe aliuawa mwaka 1980 katika hifadhi ya Shaba, iliyo ndani ya kaunti ya Isiolo.

Kazi ile ina thamani, wala haifai kubezwa. Katika picha zile ushanga umehesabiwa, msuko wa nywele umefuatwa, na mambo ambayo leo hayavaliwi tena yamehifadhiwa kwa watoto wa watoto. Hata hivyo, mtu akizitazama kwa makini ataona kwamba waliochorwa wameketi au wamesimama kimya, wamevaa mavazi ya sherehe, wakimtazama mgeni au wakitazama pembeni. Hayumo bibi mzee anayecheka na mjukuu wake. Hawamo vijana wanaobishana kisimani juu ya zamu ya kunywesha. Mambo hayo hayakuwa katika kazi aliyopewa, na mgeni, hata awe hodari namna gani, huonyeshwa sebule ya nyumba wala haonyeshwi jiko.

Hata baada ya miaka hiyo, watu wa kaskazini wameendelea kupigwa picha na wageni wanaopita, na picha zinazotoka ni zile zile: ukame, mzoga wa ng'ombe, shujaa aliyesimama kwa mguu mmoja, simba na tembo. Si uongo, lakini si habari yote. Mwenye kuijua habari yote ni mwenyeji. Naye mwenyeji asiyefundishwa kuchora, kupiga picha wala kuchonga, habari hiyo hubaki kifuani mwake, na siku aondokapo duniani huondoka nayo. Msichana wa Isiolo akijifunza kumchora mama yake akisuka gorfa, hapo itapatikana picha ambayo Bibi Adamson, kwa ustadi wake wote, hakuweza kuifanya.

YANAYOSOMWA

Wazazi wengi hudhani kwamba somo la sanaa ni kuchora maua saa ya mwisho ya Ijumaa. Haikuwa hivyo hata katika utaratibu wa zamani. Katika mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa 8-4-4, ambao kundi lake la mwisho liliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024 ili litahiniwe mwaka 2027, Sanaa na Ubunifu ni somo kamili lenye karatasi tatu. Ya kwanza ni ya nadharia, ambamo mwanafunzi huulizwa historia ya sanaa, vifaa, na kanuni za umbo na rangi. Ya pili hufanywa kwa mkono katika chumba cha mtihani. Ya tatu ni kazi ya muda mrefu, ambayo mwanafunzi huipanga, huijaribu na kuikamilisha kwa majuma kadhaa. Mtu asiyejua kupanga siku zake hawezi kuipasi.

Katika somo hilo hufundishwa kuchora kwa penseli na kwa rangi, kuandika herufi na kutengeneza matangazo, kupiga chapa, kutia nguo rangi kwa kufunga na kwa nta, kufuma, kusuka, kufinyanga, kuchonga, na kutengeneza mapambo. Mwanafunzi hujifunza kuinyosha penseli kwa urefu wa mkono, kufumba jicho moja, na kupima kichwa cha mtu kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili wake. Hujifunza kwamba milima ya mbali huonekana ya samawati na hafifu, na ya karibu huonekana ya kahawia na yenye mikato. Hujifunza pia kusimama mbele ya wenzake, kueleza kwa nini alifanya hivi wala si vile, na kusikiliza wakisema penye kosa, bila kukasirika.

Huzuni iko katika jambo moja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na kazi za mikono zilitahiniwa katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kama ijulikanavyo, jambo lisilotahiniwa shuleni husahauliwa upesi. Saa za sanaa zikapewa hesabu, na watoto wengi wakaingia sekondari bila kupata hata mara moja kushika burashi. Mtaala mpya umejaribu kurekebisha hayo: katika Gredi ya 7 hadi ya 9 kuna somo la Sanaa za Ubunifu na Michezo kwa kila mwanafunzi. Lakini mtaala ulioandikwa haufundishi. Afundishaye ni mwalimu, na mahali ambapo mwalimu wa sanaa hayupo, somo hubaki jina katika ratiba.

SHAKA ZA WAZAZI

Shaka ya kwanza ya mzazi ni riziki. Huuliza: je, mwanangu atakula picha? Swali hilo ni la haki, hasa kwa mzazi aliyeuza ngamia kulipa karo. Jibu lake si kwamba kila mchoraji hutajirika, kwa maana si kweli. Jibu ni kwamba mkono uliofundishwa hutakiwa mahali pengi. Mabango ya maduka ya Isiolo, maandishi ya malori yaendayo Moyale, vitabu vya watoto, magazeti, vifungashio vya bidhaa, mishono ya nguo, ramani za majengo, filamu na picha za tarakilishi, vyote hupita kwanza mikononi mwa mtu aliyejifunza kuona na kuchora. Wako pia walimu: Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha ubunifu. Kijana wa Isiolo atakayerudi na shahada ya kufundisha sanaa atakuta kazi inamngoja.

Shaka ya pili ni ya dini. Waislamu ni wengi katika Isiolo, na baadhi ya wazazi hawapendi mtoto wao achore au achonge viumbe vyenye roho. Imani hiyo yafaa iheshimiwe, wala si lazima iwe kizuizi. Uwanja wa sanaa ni mpana. Waandishi wa hati za Kiarabu wamekuwa wasanii wakubwa kwa karne nyingi. Milango ya kuchongwa ya Lamu na ya Unguja imejaa maua, minyororo na duara, wala haina sura ya mtu. Nakshi za hina, mikeka, nguo na mifumo ya hesabu zatosha kumshughulisha mwanafunzi miaka yote ya masomo. Mzazi na mwalimu wakizungumza mapema kwa adabu, njia itapatikana, na mtoto hatalazimika kuchagua kati ya somo na nyumba yake.

Shaka ya tatu hunenwa kwa sauti ndogo: kwamba sanaa ni somo la walioshindwa na masomo mengine. Wasemao hivyo wapewe kikombe cha bati na penseli, kisha matokeo yatazamwe.

KABLA YA KUCHAGUA

Serikali ya Kenya imekadiria kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi watafuata njia ya sayansi, na kwamba walio katika sanaa na michezo watakuwa kundi dogo. Nchi ina haja ya wahandisi na waganga, wala hakuna abishaye. Lakini kundi dogo si kundi la kutupwa. Tena si kila shule hutoa njia zote tatu, na hapo ndipo mtoto wa kaunti kama Isiolo awezapo kupoteza nafasi yake bila mtu yeyote kumkataza. Huelekezwa tu kwenye somo lililopo.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto katika Gredi ya 9 ana mambo matatu ya kufanya. Kwanza, na amwombe mtoto amwonyeshe michoro yake, hata ile iliyo nyuma ya daftari la hesabu, na aitazame pasipo kucheka. Pili, na aende kwa mwalimu mkuu kuuliza ni shule gani yenye mwalimu wa sanaa aliyesomea kazi hiyo, kabla fomu hazijajazwa. Tatu, kama katika eneo lake hakuna shule ya namna hiyo, na aliseme jambo hilo katika mkutano wa wazazi, na wenzake walirudie, kwa maana haja isiyosemwa haiandikwi na afisa yeyote.

Naye mwanafunzi asingoje. Asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na aketi nje na kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa unga, achague kitu kimoja tu, mbuzi aliyelala au mtungi ulioegemezwa ukutani, akichore kama kionekanavyo wala si kama akijuavyo. Mara ya kwanza atakosea. Na akichore tena kesho yake.